Jicho la Upande wa Shurie

Ukope wa kushoto wa mama yake ulikuwa umeumeza wanja.

Hilo ndilo Ruweyda aliloliona kwanza, asubuhi ya Jumatatu, mama yake, Faduma Hanad, alipogeuka mlangoni kufunga nikabu kabla ya kutoka kwenda sokoni. Jicho la kulia lilikuwa na wanja wake kama siku zote, mstari mweusi uliochorwa kwa mkono usiotetemeka. La kushoto halikuwa na mstari. Ruweyda alidhani mama amesahau kupaka, lakini Faduma hakuwa mtu wa kusahau wanja. Mwanamke anayefunika uso hubaki na macho tu ya kuwaonyesha watu yeye ni nani, na Faduma aliyatunza yake kama mwenye duka anavyotunza kioo cha mbele. Ruweyda akatazama tena. Wanja ulikuwepo. Ukope ndio ulioshuka ukaufunika.

Hakusema kitu. Kusema hakukuwa kazi yake. Aliacha shule darasa la sita, ule mwaka wa ukame, na tangu hapo alimfuata mama yake sokoni kubeba mitungi, kuifukiza moshi ili maziwa yakae vizuri, na kuosha vikombe. Kuita wateja kulimshinda. Na wauza maziwa ya ngamia wa Garissa lazima waite. Kila mmoja ana mwito wake, na wa Faduma ulijulikana mpaka steji ya tuktuk, ambako vijana waliuigiza wakipita: "Maziwa ya Faduma Hanad! Ya ngamia, hayajaona maji!" Ruweyda alipojaribu, sauti ilimkwama kooni kama mfupa wa samaki. Faduma alilifanya jambo hilo mzaha.

"Huyu binti yangu," aliwaambia wenzake, "siku nikifa atawauzia watu kwa kuwakonyeza."

Wanawake walicheka, naye Ruweyda akazidi kuinamia vikombe.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema. Tangu Ijumaa mama yake alikuwa anashikwa na kichwa. Kilikuja ghafla akiwa amechuchumaa kukoka moto, kama mtu aliyepigwa na mpini nyuma ya jicho. Alijifunga kichwani kitambaa chake cha shashi kilicholowa maji, akasema ni jua. Alfajiri hiyo, baada ya swala, Ruweyda alimsikia akitapika nyuma ya nyumba. Aliporudi ndani alikuwa amekwisha kunawa uso, na macho yake yalisema asiulizwe.

*

Katika safu ya maziwa kila mwanamke ana nafasi yake. Hakuna karatasi inayosema hivyo, ila kila mtu anajua. Nafasi ni yako madamu unaikalia na unaita. Ukiiacha tupu, au ukiikalia kimya kama mzigo uliosahauliwa, mwingine ataanza kusogeza mtungi wake kidogo kidogo, na siku utakayotaka kusema, utakuta huna pa kukaa. Ya Faduma ilikuwa ya pili kutoka kona ya msikiti. Kushoto kwake, konani kabisa, alikaa Shurie, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza. Wale wawili walikuwa wanagombania wateja tangu Ruweyda akiwa bado anabebwa mgongoni.

Asubuhi hiyo maziwa yalifika kwa pikapu kutoka upande wa Balambala, ambako baba yake Ruweyda, Keynan, alikuwa akichunga ngamia mahali simu zisipofika. Mteja wa kwanza alikuwa Koome, mwalimu kutoka Meru, aliyekuja na chupa yake ya chai. Faduma aliinua mtungi, akamimina. Maziwa yalianguka kando ya kikombe cha kupimia, kwenye mchanga.

Maziwa ya ngamia hayamwagwi. Mtoto akiyamwaga hupigwa kofi, na mtu mzima akiyamwaga watu huangalia pembeni.

"Mama Faduma," alisema Koome akicheka, bila nia mbaya, "leo unanyunyizia soko lisitoe vumbi?"

Faduma alifumba jicho la kushoto kwa kidole, kama anayetoa mchanga, akamimina tena, na maziwa yakaingia kikombeni bila kutoka tone. Lakini Ruweyda aliona mama yake akipapasa mara mbili kabla ya kukipata kifuniko. Pembeni, Shurie naye alikuwa anaangalia. Hakuwa na mzaha hata mmoja, na hilo peke yake lilikuwa ajabu.

Abti Mursal, mjomba wake Ruweyda na kaka yake Faduma, alipita na donge la miraa shavuni. Alisikia habari ya maziwa yaliyomwagika, akamtazama dada yake machoni, akasema huo ni upepo umeingia kichwani. Kuna mzee anayejua kuchoma kwa moto, hapa pembeni mwa soko, na leo leo atamwita aje amguse kwenye panda za uso, mara mbili tu. Faduma alisema yeye si mbuzi wa kutiwa alama. Kitu anachotaka ni miwani. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kliniki ndogo ya macho, na wazee wengi walitoka humo na miwani wakiona vizuri. Ataingia, atanunua, atarudi kabla jua halijapanda.

"Twende," alimwambia Ruweyda. "Na usije ukaanza kuongea na watu."

Huo nao ulikuwa mzaha.

*

Mwenye kliniki aliitwa Risper. Alitoka upande wa Kisumu, alikuwa mwanamke bado kijana, na watu walimwita daktari ingawa mwenyewe kila siku aliwaambia yeye ni mpimaji wa macho tu. Benchi lake lilijaa wachungaji wenye kope zilizopinduka, wanafunzi waliotumwa na walimu, na wazee waliokuja kuuliza mtoto wa jicho atatolewa lini. Zamu ilipofika, Faduma alikaa kwenye kiti kirefu akiwa amenyoosha mgongo.

Kwa Kisomali Faduma aliweza kumnyamazisha askari wa kaunti. Kwa Kiswahili alikuwa mtu mwingine, mdogo, naye alilijua hilo, ndiyo maana alilichukia.

"Mimi macho nzuri," alisema, kila p ikigeuka b mdomoni mwake. "Nataka miwani ya kumimina maziwa tu. Bole bole, daktari, mimi siko mgonjwa."

Risper hakucheka. Alimfunika jicho moja na kumwonyesha ubao wenye alama zilizoelekea kila upande, akamwambia aonyeshe kwa mkono zinaelekea wapi. Faduma alizipata zote, mpaka zile ndogo kama sisimizi. Risper alifunika jicho la pili, akaushika ukope ulioshuka na kuuinua kwa kidole. Faduma akazipata zote tena. Alimgeukia binti yake, na juu ya nikabu lile jicho zima lilijaa fahari.

"Umeona? Niliwaambia."

Ruweyda alitaka kufurahi. Lakini Risper hakuwa anachukua miwani kabatini. Alivuta kiti karibu, akainua kidole kimoja, akauliza vidole vingapi.

"Viwili," alisema Faduma.

Risper alifunika jicho moja. Faduma akasema kimoja. Akafunika la pili. Kimoja. Akayaacha yote wazi. Viwili, kimoja juu ya kingine, kama vinapandana. Kisha alimwambia akifuate kidole bila kugeuza kichwa. Jicho la kulia lilikifuata kila kilikokwenda. La kushoto, hata ukope ulipoinuliwa, lilikataa kuja upande wa pua, likakataa kupanda juu. Lilibaki linaangalia mlango, kama mtu anayetaka kuondoka mkutanoni.

Risper alifunga mlango, akavuta pazia, akaomba kuona uso wote. Alimwambia Faduma aonyeshe meno, akunje paji la uso, ashike mikono yake na kuiminya kwa nguvu. Mdomo ulikuwa sawa pande zote, na mikono ilikuwa na nguvu za mwanamke anayebeba mitungi. Kisha alizima taa na kuwasha tochi ndogo.

Ruweyda alikuwa amesimama nyuma ya bega lake, akaona. Mwanga ulipogusa jicho la kulia, mboni ilinywea mara moja, ikawa kama tundu la sindano. Ulipogusa la kushoto, mboni haikufanya kitu. Ilibaki wazi, pana na nyeusi, kama mlango wa nyumba ambayo wenyewe wamehama. Risper alirudia, na akarudia tena. Alipowasha taa, sauti yake ilikuwa imeshuka, na maneno yake yalikuja moja moja.

Aliuliza kama kuna kitu kilichotiwa jichoni, dawa ya duka au majimaji ya mti wowote. Hapana. Aliuliza habari ya sukari, ya presha. Hapana. Aliuliza kama kichwa kinauma.

"Kidogo tu. Jua."

"Na ukope huu, mama, ulianza kushuka lini?"

"Hii ya ukoo," alisema Faduma haraka. "Mama yangu hivi hivi. Nimezaliwa nayo."

Risper aliweka tochi mezani. Alisema kuna watu wanaozaliwa na ukope mmoja mzito, na wengine mboni zao hazilingani maisha yao yote wala hawajui. Mtu wa namna hiyo asipokuwa na maumivu anaweza kumngoja daktari mkubwa wa macho, anayekuja wiki ijayo. "Lakini kama haya ni ya juzijuzi, mama, na kichwa kinauma, hatungoji hata chai ipoe. Una picha yako ya zamani?"

Faduma hakuwa mtu wa kupigwa picha. Alikuwa na kitambulisho tu, kile alichokipata baada ya kupanga foleni na kuhojiwa kama mgeni katika nchi aliyozaliwa. Akakitoa kwenye kifuko kifuani. Risper alikishika dirishani, akakigeuza huku na huku. Jasho na miaka vilikuwa vimeifuta picha, uso ukabaki kivuli kisicho na macho.

"Si ya ukoo," alisema mtu.

Ruweyda alishtuka kugundua kuwa ni yeye. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa imeshatoka, na ikafuatwa na nyingine. Akasema kichwa kilianza Ijumaa, kilikuja kwa mara moja. Akasema leo alfajiri mama ametapika.

Faduma alimgeukia, akamwambia kwa Kisomali, polepole, "Umejifunza lini kusema? Na umechagua leo?" Kisha akamgeukia Risper, na kwa kile Kiswahili chake kidogo akamaliza: "Huyu aliwacha shule. Hajui kitu."

Maneno yale yalimwingia Ruweyda kama mwiba wa mgunga. Kwa muda hakuona ubao wala tochi. Angeweza kukaa chini, arudi kwenye kimya chake, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alimtazama Risper.

"Daktari, kuna mtu anayejua macho yake," alisema. "Yuko pale ng'ambo."

*

Shurie alikuwa anampimia mteja alipomwona Ruweyda amesimama mbele yake, amekunja mikono kwenye buibui.

"Kumbe una miguu inayokuja upande huu," alisema. "Mama yako amekutuma kunitukana?"

Ruweyda alimwambia. Alisema kwa mkato, macho yakiwa chini, na alipomaliza alingoja kuchekwa. Shurie hakucheka. Alimkabidhi mteja chupa yake, akafunga mtungi, akamwambia jirani auangalie. Akavuka barabara mbele ya tuktuk zilizopiga honi, yeye ambaye hakuwahi kuiacha nafasi yake hata siku ya mazishi ya kaka yake, ila kwa muda wa sala tu.

Faduma alipomwona mlangoni alijifunika haraka. Halafu akakumbuka ni nani, akaachia nikabu.

Risper aliuliza swali lake, na Ruweyda akalitafsiri. Shurie alivuta kiti bila kukaribishwa.

"Mwambie huyu daktari," alisema, "mimi nakaa kushoto kwa mwanamke huyu. Uso wake naujua siku za arusi tu. Miaka yote naona jicho hili moja. Jicho la kushoto la Faduma ni langu. Nikimwangalia mteja, linaniangalia. Nikimwita mtu anayemwendea yeye, limeshafika kabla sauti yangu haijafika. Silali vizuri kwa ajili ya jicho hili. Sasa aniambie ni la ukoo. Ukoo gani? Jicho hili halijawahi kusinzia."

Ruweyda alitafsiri, na Risper akainamisha kichwa kuficha tabasamu.

"Na sasa?" aliuliza.

"Jana lilianza kusinzia. Leo limelala kabisa." Shurie alizungusha pete kidoleni. "Jana nilimchukua yule kijana wa tuktuk. Leo nimemchukua mzee wa duka la mikeka. Nilimwita mbele yake, hapo hapo, kwa sauti hii yangu yote mnayoijua."

"Umechukua wateja wangu?" alisema Faduma.

"Wawili."

"Mwizi."

"Mwizi, ndiyo. Lakini hukuniona." Sauti ya kukwaruza ilipasuka. "Faduma, wewe, hukuniona. Nilikungoja unitukane. Nimekaa nakungoja."

Nje mtoto alikuwa anaigiza kwa sauti upimaji wa ubao: juu, chini, kulia. Faduma alitazama mikono yake, kisha akasema kwa sauti nyembamba, bila kumtazama mtu, kwamba ndiyo, ni ya juzijuzi. Kichwa kilianza Ijumaa. Hajawahi kuumwa kichwa kama hiki.

Risper alianza kueleza. Alisema ndani ya kichwa kuna mshipa wa damu, na karibu yake unapita mshipa wa fahamu unaoinua ukope, unaogeuza jicho na kuifunga mboni. Mshipa wa damu ukivimba sehemu moja kama puto, unaukandamiza ule mwingine. Hawezi kuona ndani ya kichwa kwa tochi, alisema, na anaomba Mungu awe amekosea. Lakini jicho lililoanguka hivi, na mboni iliyo wazi, na maumivu haya, ndivyo mshipa huo unavyopiga hodi kabla haujapasuka.

Faduma alimsikiliza mpaka mwisho na hakushika kitu. Puto la nini? Yeye hakuja na puto. Risper alimgeukia Ruweyda.

"Mwelezee wewe. Kwa namna atakayoielewa."

Ruweyda alifikiri. Kisha akachuchumaa mbele ya kiti, kama anavyochuchumaa mbele ya mitungi.

"Hooyo," alisema, "ni kama mtungi uliofungwa ukasahauliwa juani. Uliovimba tumbo."

Faduma alitulia. Hata Shurie alitulia. Hakuna mwanamke wa maziwa asiyeujua mtungi huo. Hautikiswi. Hautwikwi kichwani. Haugombezwi wala haufunguliwi kwa pupa. Unaondolewa juani taratibu, unatafutiwa mtu mwenye mkono mwepesi, na hayo hufanywa sasa hivi, kwa sababu mtungi huo haukwambii utapasuka lini.

"Basi nisitikiswe," alisema Faduma.

*

Risper alipiga simu hospitali kuu, mkono mmoja ukiwa begani mwa Faduma. Aliyepokea alimwambia kama ni jicho, mgonjwa apangiwe siku ya kliniki. Alijibu bila kupandisha sauti kwamba hampigii kwa sababu ya jicho, anampigia kwa sababu ya kichwa. Akataja kimoja kimoja: ukope umeshuka, jicho halisogei, mboni ni pana na haijibu mwanga, kichwa kilianza kwa ghafla, ametapika.

"Hapana, si ya kuzaliwa nayo," alisema. "Imeanza jana. Nina shahidi."

Shurie hakuelewa maneno mengine, lakini hilo aliona limesemwa juu yake, akajiweka sawa kwenye kiti. Upande wa pili ukakubali: gari la wagonjwa litakuja, limpeleke moja kwa moja Nairobi.

Abti Mursal aliingia akihema, na nyuma yake mlangoni alisimama yule mzee wa kuchoma na vijiti vyake. Alikuwa amesikia sokoni kwamba dada yake amefungiwa ndani na mtu wa bara. Alipoambiwa habari ya safari, alisema haya yote hayahitaji Nairobi, ni moto mara mbili tu na yamekwisha. Risper alifungua mdomo, lakini Faduma alimtangulia.

"Mursal," alisema, "wewe umekunywa maziwa yangu maisha yako yote. Uliniona lini nikiuweka motoni mtungi uliovimba?"

Mursal aliwaangalia wanawake wanne, mmoja baada ya mwingine, akatema miraa yake nje ya dirisha. Akamwomba mzee radhi kwa kumsumbua, akauliza gari la wagonjwa litasimama wapi.

Habari za fedha zilikuwa kazi ya ukoo, nao walianza kuchanga kabla gari halijafika, wakibishana kwenye simu kama kawaida yao. Kitu kilichomsumbua Faduma kilikuwa kingine. Akiwa amelazwa kwenye machela, amekatazwa kuinuka, alimshika Shurie mkono, si kwa upendo.

"Nafasi yangu," alisema.

"Mimi siwezi kukudanganya," alisema Shurie. "Itakaliwa. Yule Rukiyo wa kulia kwako ameitolea macho zamani."

"Nitaikalia mimi," alisema Ruweyda.

Shurie alimtazama kuanzia viatu mpaka mtandio. "Wewe? Utaita kwa kukonyeza? Sikiliza, nafasi isiyoita si nafasi. Na mimi sitamwonea mtu huruma. Wateja wakinijia, nitawauzia."

"Ndivyo inavyotakiwa," alisema Faduma, na mlango wa gari ukafungwa.

*

Kwenye kizuizi cha daraja la Tana walisimamishwa. Mursal aliyasimulia haya baadaye kwa simu, akiwa bado na hasira. Askari alitaka wote washuke na vitambulisho mkononi. Alikiangalia cha Faduma, akasema picha haionekani, atajuaje ni yeye, ashuke avuke kwa miguu kama wengine. Dereva alimpa barua ya Risper. Askari aliisoma, akairudia. Faduma, akiwa amelala, alimwambia kwa Kiswahili chake: "Mimi mtungi. Mimi hapana tikisa." Askari hakuelewa hata kidogo, lakini aliwafungulia njia.

Nairobi walimpiga picha za kichwa jioni ile ile, wakaukuta. Mshipa ulikuwa umetoa tumbo dogo, dogo kuliko punje ya mahindi, limeegemea pale pale Risper aliposema. Daktari wa upasuaji aliuliza ni nani aliyemtuma mgonjwa huyu kabla damu haijamwagika, maana wengi hufika wakiwa hawasemi tena. Mursal alijibu kwamba ni mpimaji wa miwani, na adui wa dada yake sokoni, na mtoto asiyesema.

Siku zilizofuata Ruweyda alikaa kwenye nafasi. Alipanga vikombe, alifukiza mitungi, alifuta kifuniko mpaka kikang'aa. Koome alikuja, na wachache waliokuwa wanajua mkono wa Faduma. Wengine walipita, wakaitwa, wakaenda walikoitwa. Kila asubuhi alivuta pumzi, akafungua mdomo, na kila asubuhi palitoka hewa. Maziwa yaliyobaki aliyarudisha nyumbani yakagande. Mtungi wa Rukiyo ulikuwa umeanza kusogea. Asubuhi moja ulikuwa umeugusa mkeka wa Ruweyda. Shurie aliuona, lakini alitazama mbele na kuwaita wateja wake.

Siku ya upasuaji ilipita simu ya Mursal ikiwa imezimwa. Siku iliyofuata, mara baada ya adhuhuri, simu yake Ruweyda ililia. Ruweyda aliishika kwa mikono miwili.

Alikuwa Mursal kwanza. Alisema upasuaji umekwisha salama, lile tumbo la mshipa limebanwa kwa kitu kama kibanio cha nguo, kidogo sana. Alisema dada yake ameamka, na wauguzi wote wa wodi wamechoka naye, maana kila anayeingia na tochi huelezwa habari ya binti yake aliyeona wanja umepotea kabla daktari hajaona kitu. "Nimeisikia mpaka nimeikariri," alisema. "Haya, ongea naye, nipumzike."

Ruweyda alishangaa. Habari ya wanja hakumwambia mama yake. Alimwambia Risper tu, siku ile, walipokuwa wanangoja gari, kwa sauti ya chini. Faduma alikuwa amelala kwenye benchi, amefumba macho yote mawili. Kumbe alikuwa anasikiliza.

"Unauza?" Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa ni yeye.

"Nauza, hooyo."

"Mwongo!" alisema Shurie, akiinama kuelekea kwenye simu. "Amekaa kama jiwe. Faduma, rudi. Huku hakuna hata mtu wa kugombana naye."

Kikasikika kicheko kifupi kilichokatika kwa maumivu.

"Jicho bado limelala," alisema Faduma. "Wanasema litaamka polepole, au litaamka nusu. Lakini masikio yangu ni mazima. Ruweyda, niweke juu ya mtungi."

Ruweyda aliiweka simu juu ya kifuniko. Watu walikuwa wanatoka msikitini, wanakuja upande wao kwa makundi, kanzu nyeupe juani. Korongo walikaa juu ya miti ya jaa la taka kama wazee wasio na haraka. Shurie alikuwa tayari amevuta pumzi ya kuita. Akamtazama binti yule anavyosimama, akaiachia pumzi bila neno, mara hiyo moja.

Ruweyda alisimama wima. Mfupa ulikuwa bado kooni. Aliisukuma sauti ikapita hivyo hivyo, ikatoka na mikwaruzo, haikufanana na ya mama yake, na vijana wa tuktuk wakageuza shingo.

"Maziwa ya Faduma Hanad! Ya ngamia, hayajaona maji!" Akavuta pumzi, na lile ambalo halikuwa kwenye mwito, ambalo hakuwahi kulisema mbele ya watu, likatoka pia. "Na mimi ni binti yake!"